Nguvu ya jeshi la majini hupimwa kwa meli ya mafuta

Magazeti yanapoandika habari za majeshi ya majini, hesabu huanzia kwenye mizinga na makombora. Wasomaji huelezwa manowari ngapi zimetumwa, zinaweza kupiga umbali gani, na ndege ngapi zimebebwa sitahani. Ni nadra kuelezwa kwamba katika msafara huohuo imo meli moja nzito iliyojaa mafuta, isiyo na kombora hata moja, inayoendeshwa na mabaharia wa kiraia. Meli hiyo ikikosekana, msafara mzima una siku za kuhesabika kabla haujalazimika kurudi bandarini. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba nguvu ya taifa baharini ni uwezo wa kukaa huko, na uwezo huo hubebwa na meli za mafuta na watu wake. Serikali inayoziweka meli hizo mstari wa mbele wa mambo ya kupunguzwa bajeti inapokaza, inajikata miguu. Ushahidi wangu nautoa katika maisha ya meli moja ya Uingereza, Tidespring, iliyotumika tangu 1963 hadi 1991.

Tidespring ilijengwa na kampuni ya Hawthorn Leslie katika mji wa Hebburn, kando ya mto Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Ilishushwa majini Mei 1962 na kuanza kazi Januari 1963. Pacha wake, Tidepool, alifuata katikati ya mwaka huo. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 178, na ikiwa imejaa uzito wake ulizidi tani 27,000. Mtu wa bandarini angeiona ni kama meli nyingine za mafuta za zama zake, lakini ilikuwa imeundwa kwa kazi tofauti. Mitambo yake ya mvuke iliisukuma kwa mwendo wa maili 17 hivi za baharini kwa saa, ili isiachwe na manowari ilizozihudumia. Nyuma ilikuwa na uwanja wa helikopta pamoja na banda la kuzihifadhi. Wala haikuwa chini ya maofisa wa jeshi kama manowari zilivyo. Ilikuwa meli ya Royal Fleet Auxiliary, idara iliyoundwa mwaka 1905 kuzihudumia manowari za Uingereza, ambayo mabaharia wake ni raia wenye vyeti vya meli za biashara. Watu hao huenda kule waendako wanajeshi, hukutana na hatari ileile, na majina yao hayasikiki sana katika hotuba za ushindi.

Ili kupima thamani yao, inafaa kuijua kazi yenyewe. Meli ya mafuta hushika mwelekeo mmoja na mwendo usiobadilika. Manowari huja ubavuni mwake, ikabaki nafasi ya makumi machache tu ya mita kati ya meli mbili zenye maelfu ya tani. Kamba nyembamba hurushwa kwa bunduki kutoka meli moja hadi nyingine. Kamba hiyo huvuta nyingine nene zaidi, nayo huvuta waya wa chuma, na juu ya waya huo huning'inizwa mpira mnene wa kupitishia mafuta. Wakati wote huo maji yanayopita kwa kasi kati ya meli hizo hubadilisha mikandamizo na kuzivuta zisogeleane, hivyo kosa dogo la mshika usukani laweza kuzigonganisha. Pampu huendelea kusukuma mafuta, pengine kwa saa nzima au zaidi, mchana au usiku, katika bahari tulivu au yenye mawimbi. Ustadi huu Waingereza waliupata kwa taabu. Mwaka 1945, walipopigana pamoja na Wamarekani katika Pasifiki, mara nyingi walijaza mafuta kwa mpira ulioelea nyuma ya meli, njia iliyokuwa ya polepole mno, huku wenzao wakijaza ubavu kwa ubavu kwa muda mfupi zaidi. Baada ya vita waliitwaa meli ya ugavi ya Kijerumani iliyoitwa Nordmark, wakaipa jina la Bulawayo na kuifanyia majaribio ya kujaza mafuta baharini. Meli za jamii ya Tide zilirithi ujuzi uliotokana na miaka hiyo ya kujifunza.

Haja ya meli kama Tidespring ilikua kwa sababu ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaielewa vizuri: dola ya Uingereza ilikuwa inapoteza bandari zake. Zamani manowari za Uingereza ziliweza kuvuka dunia kwa kurukia kituo hadi kituo, kila kimoja kikiwa na maghala, matangi na gati. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, makao ya kikosi cha mashariki cha jeshi hilo yalihamishiwa Kilindini, Mombasa. Lakini mwaka 1957 kituo cha Trincomalee kilirudi mikononi mwa Ceylon. Kenya ilijitawala Desemba 1963, mwaka uleule Tidespring ilipoanza kazi. Aden iliachwa mwaka 1967, sehemu kubwa ya majeshi ikaondoka Singapore mwaka 1971, na mkataba wa kutumia kituo cha Simonstown, Afrika Kusini, ukakoma mwaka 1975. Kila gati liliporudi kwa wenyewe, Uingereza ililazimika kuchagua: ama manowari zake zibaki karibu na nyumbani, ama zifuatwe na bandari inayoelea. Meli ya mafuta ndiyo iliyokuwa bandari hiyo. Aliyeifuta katika bajeti alikuwa anafunga kituo cha mwisho kilichobaki.

Mfano wa kwanza ulitokea upande wetu wa bahari. Serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, na mapema mwaka 1966 Uingereza ikapeleka manowari kwenye Mlango wa Msumbiji ili kuzuia mafuta ghafi yasishushwe Beira, ambako bomba lilianzia kuelekea Rhodesia. Mwezi Aprili manowari Plymouth iliikuta njiani meli ya mafuta Joanna V, lakini haikuwa na mamlaka ya kuizuia kwa nguvu. Siku chache baadaye, tarehe 9 Aprili 1966, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 221 na kuipa Uingereza mamlaka hayo. Doria hiyo ilidumu hadi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Kwa zaidi ya miaka tisa manowari zilipokezana zamu, nyingine zikikaa majini wiki kadhaa mfululizo, katika eneo ambalo bandari ya karibu zaidi ilikuwa ya Wareno wasioiunga mkono doria. Waliowezesha jambo hilo ni mabaharia wa meli za mafuta, waliozifuata manowari hizo huko huko baharini wakiwa na mafuta, chakula na barua.

Hapa mpinzani wa hoja yangu ana haki ya kuuliza: doria ya Beira ilileta faida gani? Serikali ya Smith haikuanguka kwa kukosa mafuta. Yaliendelea kuingia kupitia Afrika Kusini na kupitia Lourenço Marques, Maputo ya leo, na mwaka 1978 ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Thomas Bingham ilifichua jinsi kampuni za Shell na BP zilivyohusika katika mipango iliyoyafikisha Rhodesia. Yaani jeshi la Uingereza lililinda mlango mmoja huku kampuni zenye makao Uingereza zikitumia mlango mwingine. Ni aibu isiyofutika, na Waafrika waliokuwa wakipigania haki yao katika nchi hiyo ndio walioilipia. Lakini tuangalie kilichoshindwa ni kipi. Kazi waliyopewa mabaharia, ya kuhakikisha bandari ya Beira haipitishi mafuta ya Rhodesia, waliifanya. Walioshindwa ni wanasiasa wa London, ambao hawakuwa tayari kuigusa Afrika Kusini wala kuzibana kampuni zao wenyewe. Meli ya mafuta huipa serikali muda na umbali, basi. Kama serikali haina nia ya kweli, muda huo utapotea bure, na hakuna chombo cha baharini kinachoweza kuziba pengo hilo.

Mfano wa pili unaihusu Tidespring yenyewe, na ndio unaoonyesha vizuri zaidi hatari ya kubana matumizi mahali pasipostahili. Mwaka 1981 Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, John Nott, alitangaza mpango mkubwa wa kulipunguza jeshi la majini. Pacha wawili wa Tide walikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuondoka. Tidepool iliuzwa Chile, na Tidespring ikawekwa katika orodha ya kustaafishwa. Mahesabu yalionekana sawa kwenye karatasi: vita iliyotazamiwa ilikuwa dhidi ya Warusi katika Atlantiki ya Kaskazini, karibu na nyumbani, kwa hiyo meli za safari ndefu zilionekana kuwa ziada. Kisha, tarehe 2 Aprili 1982, Ajentina ikavamia Visiwa vya Falkland, ambavyo yenyewe huviita Malvinas. Visiwa hivyo viko umbali wa karibu maili 8,000 kutoka Uingereza. Katikati ya njia kulikuwa na kisiwa kimoja tu cha kutegemea, Ascension, na kutoka hapo hadi uwanja wa vita hakukuwa na bandari ambayo meli za Uingereza zingeitumia. Meli iliyohesabiwa kuwa ziada iligeuka kuwa sharti la kwanza la safari. Bahati ya Uingereza ni kwamba uvamizi uliwahi kabla mpango wa Nott haujatekelezwa wote.

Tidespring ilikuwa karibu na Gibraltar, imetoka kwenye mazoezi, ilipoamriwa kuelekea kusini. Ikaunganishwa na manowari Antrim na Plymouth, ileile Plymouth ya Joanna V, kwenda kukitwaa kisiwa cha South Georgia. Mbali ya mafuta, ilibeba kombania ya makomando pamoja na helikopta mbili za Wessex. Tarehe 22 Aprili helikopta hizo mbili zilianguka katika dhoruba ya theluji juu ya mto wa barafu uitwao Fortuna, zilipokuwa zikiwaondoa askari wa kikosi maalumu waliozidiwa na baridi. Hakuna aliyekufa, kwa sababu helikopta ya Antrim iliweza kuwaokoa wote. Iliposikika kwamba nyambizi ya Ajentina, Santa Fe, iko karibu, Tidespring ilipelekwa mbali na hatari pamoja na makomando waliokuwa ndani yake. Tarehe 25 Aprili nyambizi hiyo ilishambuliwa na kulemazwa, na makamanda wakaona wasiipoteze nafasi. Walishusha nchi kavu kikosi kidogo cha watu waliokusanywa kutoka manowari nyingine, na ngome ya Grytviken ikasalimu amri siku hiyohiyo. Baadaye Tidespring ndiyo iliyowabeba wafungwa wa Ajentina hadi Ascension. Ndani ya mwezi mmoja, meli iliyongoja kustaafishwa ilikuwa imetumika kama kituo cha mafuta, kambi ya askari, kiwanja cha ndege na gereza.

Tidepool nayo ilikuwa upande wa Pasifiki, kwenye makabidhiano na Chile, vita vilipoanza. Ilibidi Uingereza iombe itumie tena meli iliyokwisha kuiuza. Chile ilikubali, na meli ikarudi Atlantiki kwa kupitia Mfereji wa Panama, ikafanya kazi vitani, na ilipofika Agosti 1982 ikakabidhiwa kwa wanunuzi, nao wakaiita Almirante Jorge Montt. Kwa jumla meli 22 za Royal Fleet Auxiliary zilishiriki katika vita hivyo. Haikuwa kazi ya nyuma ya pazia pasipo na risasi. Tarehe 8 Juni ndege za Ajentina ziliishambulia Sir Galahad, meli ya kushusha askari ya idara hiyohiyo, na watu 48 wakauawa, wanajeshi pamoja na mabaharia wa kiraia. Baadhi ya mabaharia hao walikuwa Wachina wa Hong Kong, waliokufa katika vita vya visiwa ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na kwao.

Wapo watakaosema kwamba mafuta yanaweza kubebwa na meli yoyote ya kukodi. Kweli, mwaka 1982 serikali ilikodi meli za mafuta za kampuni ya BP, na bila hizo vita vingekuwa vigumu zaidi. Lakini sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kuleta mafuta kutoka mbali na kuzijaza meli za Royal Fleet Auxiliary, nazo ndizo zilizoyasogeza hadi kwa manowari zilizo vitani. Kukodi meli ni suala la wiki chache, ilhali kumpata baharia anayeweza kuishika meli yake imara mita arobaini kutoka kwa mwenzake, usiku, taa zimezimwa, huchukua miaka. Wengine watasema kwamba meli ya mafuta haiwezi kujilinda, hivyo inawapa mzigo wenye mizinga. Hilo pia ni kweli, na South Georgia ilithibitisha: makamanda waliiondoa Tidespring mbele ya nyambizi hata ikabidi waingie vitani bila makomando waliokuja nao. Lakini kwa nini walifanya hivyo? Walijua kwamba wakiipoteza, manowari zote zilizobaki zingepungukiwa na uwezo wa kusonga mbele na hata wa kurudi. Hakuna anayekilinda namna hiyo kitu kisicho na thamani.

Pingamizi zito zaidi ni la washirika. Kwa nini nchi ijilipie meli za mafuta wakati marafiki wanazo? Jibu limo katika kisa cha Tidepool. Chile ilikubali, lakini Chile ilikuwa na mgogoro wake na Ajentina juu ya visiwa vya Mlango wa Beagle, na ilikuwa na sababu zake za kuisaidia Uingereza. Katika ugomvi mwingine, mwenye meli angeweza kukataa, na haki ya kukataa ingekuwa yake. Ushirikiano ni mwema pale masilahi yanapolingana. Serikali inayotegemea mafuta ya mwingine imempa huyo mwingine kura ya turufu juu ya safari zake.

Je, Uingereza ilijifunza? Kwa upande wa vyuma, kwa kiasi fulani. Mwaka 2012 ilitoa zabuni ya pauni milioni 452 kwa kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini ijenge meli nne mpya za jamii ya Tide. Ya kwanza, iliyorithi jina la Tidespring, ilianza kazi mwaka 2017, na mwaka 2021 na tena 2025 ilisafiri pamoja na misafara ya manowari kubwa za kubeba ndege. Kwa upande wa watu, jibu ni hapana. Mwaka 2024 mabaharia wa Royal Fleet Auxiliary waligoma, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya idara hiyo, na vyama vyao vikaeleza kwamba thamani ya mishahara imeporomoka kwa zaidi ya asilimia 30 tangu 2010. Meli zilikuwapo, lakini wa kuziendesha hawakutosha. Fort Victoria, inayobeba risasi, chakula na vipuri, ilikaa gatini kwa muda mrefu. Novemba 2024 serikali ikatangaza kwamba meli mbili za mafuta, Wave Knight na Wave Ruler, zilizoanza kazi mwaka 2003, zitaondolewa kabisa baada ya kukaa bila kufanya kazi. Kosa la mwaka 1981 limerudi kwa sura nyingine: safari hii kilichopunguzwa kwanza ni mkate wa baharia, na meli zikafuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mabaharia waliokwisha kuhamia meli za biashara hauinuliwi kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na meli za dola iliyomtawala. Hoja yangu haimtaki aipende dola hiyo. Inamtaka aone mambo yanayomgusa. Maharamia wa Kisomali walipovuruga njia za meli katika Bahari ya Hindi, miongoni mwa waliowakabili walikuwamo mabaharia hawahawa. Oktoba 2011 makomando waliotoka Fort Victoria, wakishirikiana na manowari ya Marekani, waliikomboa meli ya Kiitalia Montecristo iliyokuwa imetekwa mamia ya maili kutoka pwani ya Somalia, na mabaharia wake 23 wakaokoka. Meli ya ugavi ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu iliweza kukaa mbali kwa muda mrefu. Maharamia walikuwa wamejifunza kwenda mbali na nchi kavu, kule ambako boti ya doria ya kawaida haifiki, au ikifika hubaki na mafuta ya kurudia tu.

Nchi zetu nazo zina haki juu ya bahari hadi maili 200 kutoka pwani, na kila mwaka tunasikia ahadi za uchumi wa buluu na vita dhidi ya uvuvi haramu. Kila boti mpya ya doria inapozinduliwa, tunaonyeshwa bunduki iliyofungwa mbele. Wabunge wetu na waandishi wetu wa habari wangefanya vema kuuliza maswali mengine: boti hiyo inaweza kukaa baharini siku ngapi, bajeti ya mafuta yake ya mwaka mzima iko wapi, nani anaitengeneza injini ikiharibika, na mabaharia wake wanalipwa nini ili wasiondoke baada ya kupata ujuzi? Mvuvi haramu hahofii boti iliyofungwa gatini, hata ikiwa na mzinga. Hatuna haja ya meli ya tani 27,000. Tuna haja ya kukubali kanuni iliyoifanya meli hiyo iwe ya lazima.

Tidespring ilistaafu Desemba 1991, ikiwa imeishi karibu miaka kumi zaidi ya ule mwisho iliopangiwa, na mwaka uliofuata ikapelekwa India kukatwa chuma chakavu. Haikuzamisha meli hata moja katika maisha yake yote. Hata hivyo, manowari zilizosifiwa kwa kuiteka South Georgia zisingefika huko bila mafuta yake, na waziri aliyepanga kuiondoa ndiye aliyelazimika kuitegemea kabla mwaka mmoja haujapita. Waziri yeyote wa ulinzi, wa London au wa kwetu, anapoletewa orodha ya kupunguza matumizi, na aanze kwa kuuliza ni kitu gani katika orodha hiyo kinachoviwezesha vingine vyote kuondoka bandarini. Hicho, pamoja na mishahara ya wanaokiendesha, kiwe cha mwisho kuguswa.